Herufi Ndogo

Mimi ni mtu wa mizani. Miaka kumi na tisa ghalani,
chama cha msingi, Tandahimba,
napima magunia, napasua korosho za sampuli kwa kisu
nione ndani kuna nini, maana ganda halisemi.
Hii daraja la kwanza. Hii la pili.
Watu hununa, wengine hunitukania mama,
lakini hakuna aliyewahi kunithibitishia kwamba nimekosea.

Shufaa alizaliwa msimu ule minada ilipokwama.
Nywele rangi ya ufuta uliopepetwa,
kope nyeupe, viganja kama ndani ya pera.
Nikamtazama. Nikamtazama Somoe, mweusi kama mimi,
nikauliza swali la maneno mawili.
Siliandiki hapa.
Somoe hakujibu. Alikunja kanga pembe kwa pembe,
akaikunjua, akaikunja tena,
na kwa miaka tisa hatukuligusa.

Juzi Hidaya karudi likizo, yuko kidato cha nne.
“Baba, nipe korosho nne. Mbili zitie alama.”
Nikazikwaruza kwa ncha ya kisu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika,
mafuta ya ganda yakanirukia kidole gumba.
Mama yake akapewa mbili: moja safi, moja ya alama.
Mimi vilevile.
Safi aliiita A kubwa. Ya alama, a ndogo.
“Kubwa ina sauti,” akasema. “Ikiwepo hata moja, rangi inatoka.
Ndogo hunyamaza, lakini haifi.
Inarithiwa na mtoto, inarithiwa na mjukuu,
haipigi hodi
mpaka ikutane na ndogo mwenzake.”

Tufumbe macho, kila mmoja atoe moja.
Tukatoa. Zote mbili za alama.
Mara ya kwanza kabisa! Nilitaka kucheka, sikuweza.
Tukarudia. Safi kwa safi. Safi kwa alama. Alama kwa safi.
Safi tena.
Mara kumi na moja, alama mbili hazikukutana,
nikasema, basi sasa zamu yao imekaribia.
Hidaya akatikisa kichwa.
“Korosho hazikumbuki, baba. Kila mkono ukiingia
ni moja katika nne, upya.”

Nikauliza kama mtu wa kazi yangu:
“Kwa hiyo hizi za alama ni daraja la pili?”
Shufaa alikuwa mlangoni, kofia pana kichwani,
kitabu kimekaribia kugusa pua.
Hakuinua macho.
“Si daraja,” akasema. “Ni herufi.”
Akafunua ukurasa.

Usiku likanijia jina ambalo kwetu Mahuta halitajwi,
Binti Lichanda, dada wa babu,
yule aliyekuwa hatoki nje mchana.
Nililisikia mara moja nikiwa mtoto, watu wazima wakakohoa,
nikadhani alikuwa mwizi.
Kumbe alinipitia. Nimeamka naye,
nimeoga naye, nimesimama naye kwenye mizani
nikipasua korosho za watu,
na siku binti yangu alipomleta nuruni
nilimgeukia mke wangu.

“Somoe,” nikasema gizani. “Moja ilikuwa yangu.”
Kitanda kikalia. Kimya.
Mbwa wa jirani akabweka, akaacha, akabweka.
“Moja,” akasema hatimaye.
“Umehesabu miaka tisa kufika moja.”
Nikangoja neno jingine.
“Kaoshe mkono. Mafuta ya ganda yanababua.”

Nilichelewa. Leo ghalani ngozi ya kidole gumba inachubuka,
chini yake kuna waridi, laini, inaogopa jua.
Mzee mmoja ameleta gunia, anasubiri niseme.
Nimepasua korosho yake.
Nimeitazama kwa muda mrefu, mpaka foleni imeanza kunung’unika.